Aliyeshika Funguo

Kila jumba la kale linapokwisha kukarabatiwa, hutafutwa mtu wa kushukuriwa. Huitwa mgeni rasmi, hukatwa utepe, husomwa majina ya wahisani waliotoa fedha, ya wasanifu waliochora ramani na ya mafundi waliopiga lipu. Kisha hubandikwa kibao ukutani, na juu ya kibao hicho huandikwa jina la bwana aliyekuwa akilala chumba kizuri kuliko vyote. Watu hupiga makofi, hunywa soda, huenda zao. Nimehudhuria sherehe za namna hiyo mara kadhaa maishani mwangu, nami nimepiga makofi pamoja na wenzangu. Leo nasema makofi yale yalikwenda siko.

Nasema hivi kwa sababu ya jumba moja lililoko mbali sana na kwetu, na kwa sababu ya mama yangu. Nitaanza na jumba.

Linaitwa Arlington House. Liko Virginia, nchini Marekani, juu ya kilima kinachoutazama Mto Potomac, na ng'ambo ya mto ndiko uliko mji mkuu, Washington. Mwaka 2022 mpwa wangu anayeishi upande huo alinichukua kwenda kulitazama. Kwa mbali utadhani ni hekalu la Wayunani wa kale. Lina nguzo nane nene, na kila moja upana wake chini ni kiasi cha futi 5. Nilidhani ni marumaru. Nilipofika karibu nikaelezwa kuwa ni matofali yaliyopigwa lipu, kisha yakapakwa rangi ili mtazamaji adhani ni mawe ya thamani. Nikacheka peke yangu. Baadaye, nilipokwisha kusikia habari zote za mahali pale, sikucheka tena.

Aliyelijenga, kama vitabu vinavyopenda kusema, ni George Washington Parke Custis. Huyu alikuwa mjukuu wa Martha, mke wa George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, na alilelewa na rais huyo kama mwanawe. Msanifu alikuwa Mwingereza, George Hadfield. Ujenzi ulianza mwaka 1802 na jumba halikukamilika mpaka mwaka 1818. Lilisimama katikati ya shamba la eka 1,100, na Custis alilijaza vyombo, picha na samani za Washington, kwa kuwa alitaka liwe kumbukumbu ya mzee aliyemlea.

Lakini neno "kujenga" lina udanganyifu wake. Custis hakufyatua tofali hata moja. Waliochimba udongo wa shamba lile, wakafyatua matofali, wakakata magogo na kupandisha nguzo zile walikuwa watumwa. Wengine walikuwa wametoka nao Mount Vernon, nyumbani kwa Washington mwenyewe, na wengine walikuwa wazalia wa Arlington. Custis alipofariki mwaka 1857, watumwa wake katika mashamba yake matatu walikuwa karibu 200, na Arlington peke yake walikuwapo zaidi ya 60. Mmoja wa waliozaliwa na mama mtumwa alikuwa binti yake wa damu. Jina lake Maria Carter, na mama yake aliitwa Arianna. Mwaka 1821 Maria aliolewa na Charles Syphax ndani ya jumba lilelile. Mwaka 1831 binti mwingine wa Custis, Mary, yule wa ndoa, aliolewa hapo na ofisa kijana wa jeshi, Robert E. Lee. Na baadaye mtumishi wa ndani aitwaye Selina Norris akaolewa hapo na Thornton Gray, mtumwa mwenzake. Harusi tatu katika nyumba moja. Mgeni anayesoma jina rasmi la mahali pale hukumbushwa mtu wa harusi moja tu.

Sasa tuje kwenye wosia. Custis aliacha maandishi kwamba watumwa wake wote waachwe huru ndani ya miaka mitano baada ya kifo chake. Jumba alimwachia binti yake Mary maisha yake yote, na baada yake limwendee mjukuu. Mkwewe, Lee, aliachiwa kazi ya kusimamia wosia. Angalia jambo hili vizuri, msomaji wangu, maana nitalirudia: Lee hakulimiliki jumba lile hata siku moja.

Watumwa wao walikuwa wameelewa kwamba bwana akifa tu wao ni huru. Wakaambiwa bado. Mwaka 1859 Wesley Norris, dada yake Mary na binamu yao mmoja walitoroka, wakakamatwa Maryland wakiwa njiani kwenda kaskazini, wakarudishwa. Mwaka 1866, akiwa mtu huru, Wesley alisimulia gazetini yaliyowapata: wanaume viboko 50 kila mmoja, dada yake viboko 20, kisha Lee akaagiza migongo yao ioshwe kwa maji ya chumvi. Watetezi wa Lee wameyakana maneno hayo tangu siku hiyo. Lakini kutoroka hawakukani, kukamatwa hawakukani, na kurudishwa utumwani kwa amri ya msimamizi wa wosia hawakukani. Kwangu mimi hayo yanatosha.

Ndipo vikaja vita. Aprili 1861 majimbo ya Kusini yalipokuwa yakijitenga ili kuulinda utumwa, Virginia nayo ikaamua kuwafuata. Tarehe 20 Aprili, ndani ya jumba lile, Lee aliandika barua ya kujiuzulu jeshi la Marekani. Siku mbili baadaye akaondoka kwenda kuongoza majeshi ya Virginia, wala hakurudi tena kuishi pale. Mkewe alikaa mpaka Mei, akafungasha alivyoweza kufungasha, akaondoka. Kabla ya kuondoka alichukua funguo za jumba akamkabidhi Selina Gray.

Tarehe 24 Mei wanajeshi wa serikali walivuka mto wakakitwaa kilima. Mahema yakapigwa bustanini, miti ikakatwa kwa kuni, maofisa wakaingia vyumbani. Haukupita muda mrefu vyombo vya Washington vikaanza kutoweka kimoja kimoja. Kila askari alitaka kurudi kwao na kumbukumbu. Selina, mama wa watoto wengi, aliyeishi na mumewe na wanawe katika chumba kimoja cha mabanda ya watumwa nyuma ya jumba, akaliona hilo. Akamwendea mkubwa wao, Jenerali Irvin McDowell, akamweleza kilichoibwa na kilichobaki, na kwamba vitu vile ni mali ya Washington. Jenerali akasikia. Vilivyosalia vikahamishiwa ng'ambo ya mto, katika jengo la serikali, vikahifadhiwa.

Hebu tafakari. Mwanamke huyu kwa sheria alikuwa bado ni mali, kama zile sahani za kaure alizokuwa akizihesabu. Hati ya Lee ya kuwaacha huru watumwa wa Custis haikutiwa saini mpaka tarehe 29 Desemba 1862, siku tatu kabla ya tangazo la Rais Lincoln la kuwaachia huru watumwa wa majimbo yaliyoasi. Ina maana kwamba mwaka 1861, mali ya mtu ndiyo iliyokuwa ikilinda mali ya taifa dhidi ya askari wa taifa hilohilo.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Serikali ilitoza kodi ya vita, na deni la Arlington likawa dola 92.07. Bibi Lee alimtuma jamaa yake akalipe, maofisa wakamkatalia, wakasema mwenye mali aje mwenyewe. Januari 1864 shamba likanadiwa na serikali ikalinunua kwa dola 26,800. Mei mwaka huohuo yakaanza kuzikwa maiti za askari, mengine karibu kabisa na bustani ya waridi, na huo ndio mwanzo wa makaburi ya taifa ya Arlington. Sehemu nyingine ya shamba ilikuwa tangu 1863 imejengwa kijiji cha watu waliotoka utumwani, kilichoitwa Freedman's Village. Walijenga nyumba, shule na hospitali, wakalima. Mwaka 1900 kijiji kilikuwa kimekwisha kuvunjwa na watu kutawanyika. Wenzao zaidi ya 3,800 wamelala katika eneo la 27 la makaburi yale, na juu ya mawe yao limeandikwa neno moja, "raia", au maneno ya maana hiyo.

Mwaka 1882 mtoto mkubwa wa Lee alishinda kesi katika Mahakama ya Juu, kwa majaji watano dhidi ya wanne. Mahakama iliona shamba lilichukuliwa kinyume cha sheria, na mwaka uliofuata serikali ikamlipa dola 150,000. Sina ugomvi na hukumu hiyo. Kodi ile kweli ilikuwa mtego. Ugomvi wangu ni kwamba hakuna mahakama iliyokaa ikahesabu ujira wa matofali. Maria Syphax, binti wa damu wa Custis, alipewa na baba yake eka kama 17, lakini kwa kuwa hakupewa hati, serikali ilizichukua pamoja na shamba zima, na ilibidi Bunge litunge sheria mwaka 1866 ndipo arudishiwe. Wengine hata eka moja hawakupata.

Tufike sasa kwenye ukarabati, maana hapo ndipo hasira yangu ilipo. Kwa miaka mingi jumba lilikuwa tupu, likitumiwa kama ofisi ya makaburi. Mwaka 1925 Bunge likaamuru lirudishwe katika hali iliyokuwa nayo kabla ya vita. Agizo zuri, lakini nani aliyejua hali hiyo? Akina Lee walikuwa wamekwisha kufa au kuhama. Wasanifu walikuwa na ramani, na ramani haisemi kabati lilikaa wapi, wala chumba kipi kilitumika kwa kazi gani, wala kisima kilikuwa upande upi. Basi ikabidi waulizwe watu wengine. Mmoja alikuwa mzee James Parks, aliyezaliwa mtumwa shambani pale, akachimba kwa mikono yake makaburi ya kwanza ya askari mwaka 1864. Yeye ndiye aliyewaonyesha visima, chemchemi, barabara za zamani, ghala la barafu na mahali pa kuzikia watumwa. Alifariki Agosti 1929, akazikwa palepale kwa heshima za kijeshi. Ndiye mtu pekee aliyezikwa katika makaburi yale akiwa amezaliwa juu ya ardhi ile. Wengine walikuwa mabinti wanne wa Selina Gray, wakati huo wakiwa wanawake wazee. Walipita chumba hadi chumba wakieleza kilichokuwa kikikaa hapa na kilichokuwa kikikaa pale.

Kwa hiyo jumba lile limeokolewa mara mbili. Mara ya kwanza, vitani, liliokolewa na mama aliyeshika funguo. Mara ya pili, wakati wa amani, liliokolewa na kumbukumbu za wanawe na za mchimba makaburi. Kisha, mwaka 1955, Bunge likapitisha azimio la kulifanya kuwa kumbukumbu ya kudumu ya Robert E. Lee, na mwaka 1972 likatia katika sheria jina lililounganisha Arlington House na kumbukumbu ya Lee. Mtu ambaye hakulimiliki, aliyeliacha, aliyekwenda kupigania upande uliotaka akina Selina wabaki mali, ndiye aliyeandikwa juu ya mlango. Na aliyeshika funguo? Mwaka 2014 ilipatikana picha yake ya karne ya 19 ikiuzwa kwenye mtandao na muuzaji wa Uingereza. Nyuma yake mtu alikuwa ameandika kwa mkono kuwa hao ni watumwa wa Jenerali Lee. Jina la Selina halikuwamo.

Niliyasema haya kwa mpwa wangu tulipokuwa tumekaa barazani pa jumba. Aliniangalia kwa huruma anayoangaliwa mzee aliyechoka kutembea. "Mjomba," akaniambia, "haya ni ya Wamarekani. Sisi yanatuhusu nini?"

Yanatuhusu. Babu zetu na bibi zetu wa Pwani walivaa kitambaa kilichoitwa merikani, na jina lenyewe linakwambia kilitoka wapi. Tangu Sayyid Said alipotia saini mkataba na Marekani mwaka 1833, kitambaa hicho kilimiminika Unguja kikibadilishwa na pembe na sandarusi, kikapelekwa bara mpaka Unyamwezi na Maziwa Makuu. Kilifumwa katika viwanda vya kaskazini, kwa pamba iliyochumwa na watumwa wa kusini. Vita vile vilipoanza mwaka 1861, merikani iliadimika Zanzibar. Sisemi pamba hiyo ilitoka Arlington. Nasema kwamba jasho la mtumwa wa kule lilikuwa limevaliwa na mtumwa wa huku, aliyekuwa akichuma karafuu za bwana mwingine, na kwamba mwenye kudai habari hizi hazimhusu hajauliza sanda za wazee wake zilikuwa za kitambaa gani.

Wako wengine wanaosema: huyo Selina alilinda kwa sababu alimpenda bibi yake. Hata mwaka 1872 alimwandikia barua. Ni kweli alimwandikia. Lakini mtu anaweza kumjulia hali bibi wake wa zamani na bado asitake kurudi jikoni kwake. Ukitaka kujua moyo wa mtu mtazame anapokuwa na hiari. Selina na Thornton walipokuwa huru walinunua eka 10 zao wenyewe huko Green Valley, wakalima mboga wakauza. Huo ndio upendo ninaoweza kuupima. Ule mwingine siupimi, kwa sababu uaminifu wa mtu asiye na ruhusa ya kuondoka hauna mizani. Mimi naamini alizilinda sahani zile kwa sababu alizijua. Alikuwa amezifuta vumbi miaka na miaka. Kitu ulichokitunza kwa mikono yako kina haki juu yako hata kama si chako.

Wengine husema: Lee alikuwa mtu wa wakati wake, msimhukumu kwa macho ya leo. Hoja hii hutolewa kana kwamba wakati ule waliishi mabwana peke yao. Wesley Norris naye alikuwa mtu wa wakati uleule. Alijua utumwa ni dhuluma, hakungoja karne ya 20 imfundishe. Ukisema "watu wa wakati ule hawakujua", umekwisha kuamua nani ni mtu na nani si mtu.

Na wako wanaosema jina lile ni la upatanisho, kwa kuwa baada ya vita Lee aliwahimiza watu wake wakubali kushindwa. Upatanisho wa nani na nani? Mwaka 1955 huko Virginia mtoto mweusi na mtoto mweupe bado walisomeshwa mbalimbali, ingawa Mahakama ya Juu ilikwisha kutoa hukumu dhidi ya utaratibu huo mwaka 1954, na wakubwa wa jimbo walikuwa wakitafuta kila hila ya kuipinga. Wazungu wa kaskazini na wazungu wa kusini walipatana, naam, na wajukuu wa Selina walikuwa ndio gharama ya mapatano.

Haki lazima nitoe. Jumba lilifungwa mwaka 2018 kwa ukarabati mkubwa, uliogharimiwa na tajiri mmoja, David Rubenstein, kwa dola milioni 12.35, likafunguliwa tena Juni 2021. Safari hii mabanda ya watumwa yalitengenezwa pamoja na jumba, na habari za akina Gray, Syphax, Norris na Parks zikawekwa wazi ukutani. Nilizisoma, na nusu ya ninayoyaandika hapa nisingeyajua bila kazi hiyo. Wapo pia wazao wa Lee na wazao wa watumwa ambao wamekaa pamoja wakazungumza, na wapo wazao wa pande zote mbili waliotaka jina la Lee liondolewe. Hao nawavulia kofia. Lakini kueleza ukweli ndani ya nyumba na kuacha jina la uongo mlangoni ni sawa na zile nguzo: matofali ndani, marumaru ya rangi nje.

Sasa nije kwa mama yangu.

Mama alifagia na kufua katika nyumba ya meneja wa shamba la mkonge nje ya mji wa Tanga, tangu enzi za Waingereza mpaka baada ya mashamba kutaifishwa mwaka 1967. Nyumba ilijengwa na Wajerumani. Wakati wa vita vya mwaka 1914 walikaa humo askari, na mama alizijua habari hizo kutoka kwa shangazi yake aliyefanya kazi humo kabla yake. Alijua ubao upi wa sakafu unalia, dirisha lipi halifungi wakati wa kusi, na alama za visu kwenye meza ya jikoni ni za nani. Miaka mingi baadaye nyumba ile ilipata wenyewe wapya wakaamua kuikarabati iwe ya wageni. Walileta mtaalamu, wakapaka rangi, wakaning'iniza picha za zamani, wakaweka kibao chenye jina la mzungu wa kwanza na mwaka. Siku ya ufunguzi nilialikwa kwa sababu ya kazi niliyokuwa nikifanya serikalini. Nikamchukua mama.

Tulizunguka nyumba nzima. Tulipofika ukuta wa nyuma mama akasimama, akaupapasa kwa kiganja. Palikuwa pamejengwa, pakapigwa lipu, pakapakwa chokaa safi. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Hapa palikuwa na mlango. Ndio tuliokuwa tukipitia sisi."

Nami, mtu mzima, msomi, nikamjibu, "Mama, hawa ni wataalamu. Wanajua wanachokifanya."

Hakusema neno tena. Tulikwenda mbele tukanywa soda, nikapiga makofi. Mama alifariki miaka mitatu baada ya siku ile, na sikumuuliza hata mara moja mlango ule ulikuwa wa upana gani, ulifunguka upande upi, na waliopita hapo alfajiri walikuwa akina nani. Najua majina ya majenerali wa vita vya Marekani. Majina ya wafagiaji wenzake mama siyajui, na aliyeyajua nilikuwa naye nyumba moja.

Ndiyo maana siwezi kuwarushia Wamarekani mawe kisha nikakaa kimya kuhusu sisi. Mwaka 1897 utumwa ulipofutwa Unguja na Pemba, fidia waliahidiwa mabwana, si watumwa, na masuria wakaachwa nje ya amri ile mpaka mwaka 1909. Kenya ya Pwani ikafuata mwaka 1907, Tanganyika mwaka 1922. Si mbali. Leo majumba ya mashamba na ya mijini katika Pwani yetu yanatengenezwa moja baada ya jingine, na mengine ni mazuri mno. Mtembezi wa wageni anasifu milango ya nakshi, anataja sultani, anataja tajiri, anataja balozi wa Kizungu. Ukimuuliza nani alibeba mawe ya matumbawe kutoka ufukoni, nani alichoma chokaa, nani alilala chini ya ngazi, anakuangalia kana kwamba umemharibia kazi. Si kosa lake. Hakuna aliyemfundisha, kwa kuwa hakuna aliyeuliza.

Maombi yangu kwa hiyo si makubwa. Yeyote anayetaka kukarabati nyumba ya kale, kabla hajaita mpima ramani, kabla hajanunua mfuko wa kwanza wa saruji, aende kijijini nyuma ya nyumba ile na daftari. Aulize ni nani mzee aliyepika humo, aliyefagia humo, aliyelinda humo usiku. Aketi naye. Amlipe muda wake kama anavyomlipa mtaalamu, maana ndiye mtaalamu. Amtembeze chumba hadi chumba kama walivyotembezwa mabinti wa Selina, lakini asifanye kama walivyofanyiwa mabinti wa Selina, wakasikilizwa na kisha likaandikwa jina la mtu mwingine. Na kibao kitakapobandikwa, jina la aliyeshika funguo litangulie.

Kwa upande wangu, nimemwandikia mwenye nyumba ile ya Tanga. Nimemweleza kwamba katika ukuta wa nyuma, kushoto kwa dirisha la jikoni, pana mlango chini ya lipu, na nimemtajia jina la mama yangu. Sikutaka fidia wala sherehe. Nimemwomba auzibue.